Kizibo cha Pili

Perrine Grandclément alianza kumshuku Gaspard kabla mwanaume huyo hajaingia ndani. Alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni, mikono ina unga, akimtazama anavyotoa chupa nyuma ya gari lake la kijivu na kuzipanga kikapuni. Moyo ulimwenda mbio kama kila alipomwona, maana moyo wake ulikuwa mkaidi, hausikii la mtu. Kisha akaziangalia chupa. Moja ya mvinyo mweupe. Moja ndogo ya mvinyo mtamu. Ya tatu nyekundu, tena nyekundu iliyopauka, ile ya zabibu za Poulsard ambayo watu wa bondeni hunywa na soseji. Chupa fupi yenye mabega mapana, chupa ya mvinyo wa manjano, haikuwemo.

"Umeona ninachokiona?" shangazi Huguette alimnong'oneza kutoka nyuma.

"Nini, Shangazi?"

"Usijifanye. Mtu wa Arbois anapanda huku juu kuposa, hana mvinyo wa manjano! Ama ni mjinga, ama kuna kitu anakijua. Na yule si mjinga, nimemtazama macho."

"Shangazi, leo tafadhali."

"Leo ndiyo siku yenyewe, mwanangu. Kesho utakuwa umeshamwambia ndiyo."

Katika nyumba ya akina Grandclément mwanaume anayemtaka binti hahojiwi kuhusu mashamba wala ukoo. Anakaribishwa mezani Jumapili. Jibini tatu hufunikwa kila moja kwa kitambaa chake, haambiwi ni zipi, naye huja na chupa tatu za kwao. Akioanisha vizuri, baba anazungumza naye. Akiboronga, anakula, anashukuru, anarudi alikotoka. Hivyo ndivyo marehemu mama yake Perrine alivyoolewa, na hivyo ndivyo shangazi Huguette alivyokosa kuolewa mara mbili, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake. Kila mtu milimani na bondeni alijua kwamba jibini ya tatu siku zote ni Comté ya zamani, na kwa Comté ya zamani mtu wa Arbois huleta mvinyo wa manjano. Mtoto wa chekechea anajua hilo.

Ila Comté ya leo haikuwa kama nyingine. Lilikuwa gurudumu zima la jibini, la Julai ya mwaka juzi, la kwanza ambalo Perrine alilitunza peke yake tangu siku lilipoingia ghalani: kuligeuza, kulisugua kwa maji ya chumvi, kulisikiliza. Krismasi iliyopita, yeye na baba yake waliitoboa kidogo wakaionja kwa mvinyo wa manjano, na ule mvinyo ukaimeza jibini yote, hukuisikia tena mdomoni. Baba alikuwa amemwambia, "Sema wewe kwanza," naye akasema, na baba akatikisa kichwa kukubali. Siri hiyo ilikuwa ya watu wawili. Sasa ilionekana kuna wa tatu.

"Na ile Alhamisi?" Huguette alikuwa bado hajamaliza. "Wewe uko sokoni Poligny, jirani yetu mama Jeannin anaona gari la kijivu mlangoni kwa ghala letu. Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

Perrine alifuta unga mikononi. Gaspard alikuwa amesema, "Nilikuwa na kazi," kisha akambusu kwenye kipaji cha uso na kuanza habari za baridi iliyounguza machipukizi ya mizabibu. Busu lilikuwa tamu, na ndilo lililomtia wasiwasi zaidi.

"Alisema alikuwa na kazi."

"Kazi!" Huguette alicheka bila furaha. "Wale wanunuzi wa Lyon wameandika barua tatu wakilitaka ghala la kaka yangu. Ghala lina unyevu wake, lina mbao zake, huwezi kulijenga jipya. Baba yako amekataa. Sasa ungekuwa wewe ni wao, ungefanyaje? Ungemtafuta kijana mzuri, mwenye kope ndefu kama ndama..."

"Shangazi, basi!"

Mlango ulifunguliwa. Gaspard Bouvret aliinama kidogo kupita kizingitini, akatabasamu, na zile kope zikafanya kazi yake. Perrine alimpa shavu, kisha shavu la pili. Alinukia sabuni na moshi wa matawi ya mizabibu, na kwa nukta moja alitamani kusahau kila kitu na kubaki pale pale shingoni kwake.

"Mbona mikono ya baridi?" alimuuliza taratibu.

"Nilikuwa nakanda unga."

"Perrine. Kuna nini?"

"Hakuna. Kaa."

Anselme Grandclément aliingia wa mwisho, mrefu, mkimya, koti lake la Jumapili limefungwa vifungo vyote. Alimpa Gaspard mkono bila neno na kuketi kichwani mwa meza. Perrine aliwatazama wanaume hao wawili. Walipeana mkono upesi mno, kama watu wanaokwepa kutazamana.

Waliondoa kitambaa cha kwanza. Ilikuwa Morbier, ule mstari mweusi wa majivu umepita katikati. Gaspard alionja, akamimina mvinyo mweupe, na hata Huguette akamaliza glasi yake. Ya pili ilikuwa ya buluu ya Gex. Gaspard alifungua ile chupa ndogo ya mvinyo mtamu wa zabibu zilizokaushwa, chumvi na utamu vikakutana vizuri, na Huguette akasema, "Sawa, hiyo hata mimi ningeiweza."

Wakafika kwenye kitambaa cha tatu.

Gaspard hakuigusa jibini kwanza. Alikata lakiri ya chupa nyekundu, akaimimina, halafu ndipo akachukua kipande. Perrine aliona mpangilio huo. Kwa zile mbili alikuwa ameonja kwanza, ndipo akamimina. Kwa hii alimimina kabla.

"Poulsard," alisema Huguette. "Kwa Comté ya miezi ishirini na moja. Kwenu Arbois mmeishiwa?"

"Hatujaishiwa, Mama."

"Usiniite Mama bado."

"Hatujaishiwa, Bi Huguette. Nimeona hii itaiheshimu zaidi."

"Umeona wapi, na ilikuwa chini ya kitambaa?"

Gaspard alimsogezea Perrine glasi. Perrine aliweka kipande mdomoni, akanywa juu yake, na angetoa chochote mvinyo ule uwe mbaya. Haukuwa mbaya. Jibini ilifunguka polepole, plamu zilizokauka, maziwa ya moto, majani ya Julai, na ule wekundu mwepesi ukakaa kando yake bila kuisukuma. Jibini yake mwenyewe hakuwahi kuisikia hivyo. Machozi yalimlenga, akashindwa kujua ni ya furaha au ya hasira.

"Baba, unasemaje?" aliuliza.

Anselme alileta glasi puani, akafumba macho muda mrefu. "Mm," alisema. "Sema wewe kwanza."

"Imeoana."

"Basi imeoana."

"Imeoana sana," alisema Perrine, akainuka. "Gaspard, njoo unisaidie kubeba kitu ghalani."

Ghala lilikuwa chini ya nyumba, limechimbwa ndani ya mwamba, na lilinukia kama siku zote, ukali unaochoma pua hata za waliozaliwa humo. Magurudumu yalijaa kwenye mbao za msonobari toka sakafuni hadi juu. Perrine alienda moja kwa moja kwenye lile la Julai. Baba yake alikuwa amekata robo asubuhi ile kwa ajili ya meza, robo tatu zimebaki. Alilizungusha, akapitisha kidole ubavuni mwa ganda. Kile kizibo cha Krismasi, kipande cha ganda kinachorudishwa kuziba tundu la kuonjea, alikijua, alikirudisha yeye mwenyewe, ganda lilikuwa limeshakifunika. Akaendelea kuzungusha. Kidole kikasimama.

Kulikuwa na kizibo cha pili. Kilizibwa kwa ustadi, ukingo wake umesawazishwa kwa punje za jibini, lakini kilikuwa bado cheupe. Wiki mbili, si zaidi.

"Alhamisi," alisema.

Gaspard alikitazama kile kizibo.

"Ulikuja humu Alhamisi nikiwa sokoni, ukatoboa jibini yangu, ukaenda nayo kwako ukaijaribu kwa mvinyo mpaka ukapata unaofaa. Kisha umekuja leo kunichezea mchezo mezani. Nikosoe kama nakosea."

"Sijaiba kitu, Perrine."

"Sikusema umeiba. Niambie tu nani alikufungulia mlango. Funguo ni mbili, yangu na ya baba, na yangu hulala nayo shingoni."

"Siwezi kusema."

"Huwezi, au hutaki?"

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani? Watu wa Lyon?"

Alimwona akishtuka, na mshtuko huo ulikuwa wa kweli au ulikuwa wa mwongo hodari, asingeweza kutofautisha. Hilo ndilo lililomuuma. Mwaka mzima alikuwa amelala na kuamka na jina la mtu huyu, na sasa hakuweza kusoma uso wake.

"Mimi na watu wa Lyon wapi na wapi?" alisema Gaspard. "Unaamini hivyo kweli?"

"Nipe cha kuamini kingine. Kimoja tu."

Gaspard alinyoosha mkono kumgusa shavu, akaurudisha katikati ya njia. "Nakupenda. Hicho ninacho. Kingine si changu, siwezi kukupa."

"Mapenzi yenye mlango uliofungwa mimi siyataki. Chukua chupa zako, Gaspard. Mwambie baba yangu umeshukuru kwa chakula."

"Perrine..."

"Nenda."

Gaspard alimtazama kwa muda ambao ulimfanya Perrine atamani kumrudisha kabla hajaondoka. Kisha akapanda ngazi. Alipanda kama mtu aliyebeba mzigo, lakini hakugeuka wala hakusema neno la kujitetea.

Perrine alilia kidogo, haraka haraka, kama mtu anayekimbilia kumaliza kazi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa ghala na mkono haukai bure, alichukua chuma chake cha kuonjea ili aone yule mwizi alitoboa kina gani. Alikichomeka kwenye kizibo cheupe. Hakikuingia. Akajaribu tena. Chuma kilikuwa kinene kuliko tundu.

Akasimama nacho mkononi. Vyuma vya siku hizi vyote vina unene mmoja. Chembamba hivi alikuwa anakijua kimoja tu, kilichotoka kwa babu wa baba yake, nacho kilikaa mfuko wa ndani wa koti la Anselme sikukuu na siku za kazi.

"Huguette anasema umemfukuza," sauti ilisema ngazini.

Baba yake alikuwa anateremka, mkono ukutani. Mambo yalikuwa yanapita kichwani mwa Perrine moja baada ya jingine, na hakuna hata moja alilolipenda. Sema wewe kwanza. Krismasi. Mwezi Januari, maziwa yalipoungua jikoni na baba amekaa hapo hapo anasoma gazeti. Yale mafua makali ya Novemba ambayo alisema yamekwisha.

Aliinama kwenye rafu ya chini kabisa, kwenye gurudumu lililoharibika ambalo lilisubiri kupelekwa kuyeyushwa. Alichomeka chuma chake, akakizungusha, akatoa kipande. Harufu ilimpiga usoni mpaka akageuza kichwa.

"Baba, onja hili. Safari hii sema wewe kwanza."

Anselme alikipokea. Alikivunja kidogo kwa vidole, akakiviringisha, akakileta puani na kufumba macho vile vile kama mezani.

"Zuri," alisema. "Laini. Limeiva vizuri."

Perrine aliziba mdomo kwa mkono. Mzee alifungua macho, akamwona, na uso wake ukaporomoka wote kwa pamoja.

"Ni lile la chini," alisema. "Siyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Linanukaje?"

"Kabichi iliyochemka. Na mbwa aliyenyeshewa."

"Lo." Anselme aliketi juu ya ngazi ya mbao na kukitazama kile kipande. "Nikagusa ulaini, nikadhani... Masikio ninayo, vidole ninavyo. Nikiligonga nyundo nasikia kama lina ufa. Lakini hapa," aligusa pua yake, "tangu Novemba hakuna mtu. Mkate, kahawa, ghala hili, vyote maji."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mtu wa ghala asiye na pua ni mtu gani? Wale wa Lyon wangesikia wangekuwa hapa kesho yake. Na wewe ungeacha maisha yako ukae kuniangalia. Nilisema itarudi. Kila asubuhi najiambia itarudi."

"Ukaenda kumwambia Gaspard."

"Nilimwita. Alhamisi." Alizungumza akitazama sakafu. "Lile gurudumu ni lako, Perrine. La kwanza. Nilitaka kujua umefanya nini, na sikuweza. Nimekufundisha miaka kumi, halafu siku yenyewe imefika nami nimesimama kama kipofu. Nikamwambia, kijana, wewe una pua, nisimulie jibini ya binti yangu. Na ukimwambia yeyote, huyu binti humpati."

"Akakusimulia?"

"Nusu saa. Akaenda nayo kwao, akarudi jioni, akanisimulia tena na mvinyo huu na mvinyo ule. Nami nilimshuku, usidhani. Nikasema, mwanaume aliyependa atasema nini zaidi ya kusifu? Nikamwambia, sema kasoro. Akakataa, akazunguka, akaja akasema chumvi imepungua kidogo karibu na ganda, upande mmoja. Akasema kwa taabu utadhani anang'olewa jino. Hapo nikamwamini."

Perrine alifumba macho. Agosti ya mwaka ule alishikwa na homa, akalala siku mbili bila kulisugua gurudumu, na hakumwambia mtu. Hata baba yake hakuwahi kujua. Aliyejua ilikuwa jibini peke yake, na mwanaume aliyemfukuza dakika kumi zilizopita.

"Alikuwa radhi nimwone mwizi," alisema.

"Alikuwa radhi. Nilikuwa mezani pale nasubiri aseme, nimwone anavyonivua nguo mbele ya dada yangu. Hakusema. Nami nikanyamaza, nikamwacha azame." Mzee alikiweka kile kipande chini. "Hilo ni aibu yangu, si yake. Nenda kabla hajashika barabara."

Perrine alimbusu baba yake kichwani, kwenye nywele zilizonukia ghala, akapanda ngazi mbili mbili.

Gari la kijivu lilikuwa bado uwanjani, kwa sababu nyuma yake lilikuwa limeegeshwa la shangazi Huguette, na Huguette alisimama mlangoni na kikombe mkononi akieleza kwamba hawezi kulisogeza mpaka amalize kahawa yake, na kwamba kahawa ni ya moto sana. Gaspard alikuwa ameketi mbele ya usukani, kikapu kiko kitini kando yake. Theluji ya mwisho ya Aprili ilikuwa inadondoka kutoka kwenye paa.

"Nisogeze sasa?" Huguette aliuliza alipoona uso wa Perrine.

"Ingia ndani, Shangazi. Baba ana jambo la kukuambia."

Alisubiri mlango ufungwe. Gaspard aliteremsha kioo.

"Nimejua," alisema Perrine.

"Amekuambia?"

"Nimemjaribu. Kisha akaniambia."

Gaspard alishusha pumzi, akaegemeza kichwa nyuma. "Alikuwaje?"

Kati ya maswali yote, hilo ndilo alilouliza kwanza. Perrine alishika mlango wa gari, lakini hakuwa tayari kumwachia kirahisi.

"Ungeniacha niamini kwamba wewe ni mwongo."

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yeye mwenyewe aseme."

"Na asingesema?"

Gaspard alifikiri. "Ningekuwa nimekupoteza."

"Unalisema hivyo hivyo tu? Kama mtu aliyesahau mwavuli?"

"Nikilisema vingine nitalia, na shangazi yako yuko dirishani."

Alikuwa dirishani kweli. Perrine alitaka kucheka na kumpiga kofi kwa wakati mmoja. Aliinama mpaka nyuso zao zikakaribiana.

"Nisikilize vizuri, Gaspard Bouvret. Nikiwa mke wako sitaki siri ya mtu mwingine ndani ya nyumba yetu. Iwe ya rafiki, iwe ya baba yangu. Niahidi hapa, sasa hivi."

Neno lilikuwa rahisi. Lilikuwa limemfikia Gaspard hadi mdomoni. Angelisema tu, na mambo yangekwisha. Perrine alimtazama, akasubiri aliseme.

"Hilo siwezi kukuahidi," alisema Gaspard.

Maji yalidondoka kutoka paani. Perrine alizunguka mbele ya gari taratibu, akafungua mlango wa upande wa pili, akakiweka kikapu miguuni na kuketi karibu naye. Siku nzima hiyo, lilikuwa jibu la kwanza aliloliamini.